Ulichorekodi Ni Chako?



Tarehe 15 Septemba 2025, huku kwetu ikiwa usiku wa manane, kule Tokyo kulikuwa kumeshakucha na wanaume walikuwa barabarani wakikimbia marathoni ya ubingwa wa dunia. Alphonce Simbu wa Tanzania aliingia uwanjani akiwa bado anawania medali, na Mjerumani Amanal Petros akafyatuka kuelekea utepe. Simbu akamfuata, akazidi kumkaribia, wakafika mstarini bega kwa bega. Saa iliwaandikia wote wawili muda uleule: saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Ikabidi picha ya mstarini iamue, na ikaonekana Simbu ametangulia kwa sehemu 3 katika 100 za sekunde moja. Hiyo ndiyo dhahabu ya kwanza ya Tanzania tangu mashindano ya dunia ya riadha yaanze mwaka 1983.

Wengi wetu tulikuwa usingizini. Kulipokucha tukapata habari, na kipande kile cha umaliziaji kikazunguka kwenye simu. Tuliona mtu akishinda, tukafurahi, lakini mbio hatukuziona. Utamu wa marathoni uko kule katikati, pale kundi linapopungua mmoja mmoja, pale unapomtazama mtu wako usoni kila kamera inapomrudia na kujiuliza kama bado ana pumzi. Aliyeipanga mashine yake irekodi usiku ule, akaenda zake kulala, aliamka na hayo yote yakimsubiri. Akaweza kuketi na wanawe jioni, wakayatazama kuanzia mwanzo.

Hiyo mashine ndiyo mazungumzo yetu ya leo: kinasa video cha nyumbani chenye diski yake ndani, kile kinachorekodi bila kanda na bila sahani ya DVD. Watu wananiuliza wanunue kipi. Na karibu wote huanza na swali moja: kinabeba saa ngapi? Swali si baya, nitalijibu. Ila lipo jingine ambalo ningependa litangulie, maana ndilo litakaloamua kama baada ya miaka mitano utakuwa na kitu mkononi au huna. Uliza hivi: nikitaka kukitoa nilichorekodi, kitatoka vipi?

Wenye umri wangu wanakumbuka deki ya video. Kampuni ya JVC ya Japani ilianza kuuza deki za VHS mwaka 1976, na kanda ya kawaida iliyotufikia huku ilikuwa ya saa tatu. Picha zake zilikuwa na chenga, na kila ukinakili ubora ulishuka. Lakini kanda ilikuwa mali yako kweli kweli. Unaichomoa, unaitia kwenye bahasha, unampa mtu anayepanda basi la Tanga, na ikifika inachezwa kwenye deki ya shangazi bila kuomba ruhusa ya yeyote. Wenye filamu wa Marekani hawakuupenda uhuru huo. Walimshtaki Sony kwa sababu ya deki yake ya Betamax, kesi ikapanda hadi Mahakama ya Juu ya nchi hiyo, na mwaka 1984 majaji watano dhidi ya wanne wakaamua kwamba mtu kurekodi kipindi nyumbani kwake ili akitazame baadaye si wizi.

Kisha mwaka 1999 ikaja TiVo, kule kule Marekani, na diski ndani ya kasha. Ghafla uliweza kusimamisha matangazo ya moja kwa moja, ukaenda kupokea simu, ukarudi ukaendelea ulipoachia. Uingereza wakapata Sky+ mwaka 2001. Miaka iliyofuata ving'amuzi vya dishi vyenye diski vikafika Afrika, na sisi tukavizoea. Raha ikaongezeka mno. Ila jambo moja lilibadilika kimyakimya: kilichorekodiwa kikawa kinakaa ndani ya mashine ambayo funguo zake anazo mwingine.

Nieleze kinachotendeka humo. King'amuzi cha kulipia kinapopokea chaneli, kinapokea mawimbi yaliyofungwa. Kadi yako, au namba iliyosajiliwa kwa jina lako, ndiyo inayoyafungua ili uone. Unapobonyeza kitufe chekundu cha kurekodi, picha haziandikwi kwenye diski wazi kama zilivyokuwa zikiandikwa kwenye kanda. Zinaandikwa zikiwa zimefungwa, na ufunguo unabaki kwa king'amuzi kilekile na akaunti ileile. Ukiifungua mashine ukaitoa diski, ukaichomeka kwenye kompyuta, kompyuta mara nyingi itakuambia diski haina kitu, au itakuomba uifute upya. Mashine ikiungua na diski ikapona, huna ulichookoa. Na zipo kampuni ambazo ukiacha kulipia kifurushi, au usipolipa ada ya ziada ya huduma ya kurekodi, hata vile ulivyorekodi mwaka jana ukiwa umelipa kila kitu havifunguki tena.

Ninaelewa kwa nini wanafanya hivyo. Haki za mpira na filamu zinauzwa ghali, na anayeziuza hudai kufuli. Lakini mnunuzi hana budi kuambiwa dukani, kabla hajatoa pesa, kwamba kinasa hiki ni cha kutazama na kufuta, si cha kutunza. Hilo sijaona kasha lililoliandika. Linaandika saa za kurekodi, kwa tarakimu kubwa.

Sasa tuziangalie hizo saa, kwa kuwa hapo ndipo watu wanapodanganyika kwa urahisi. Picha ya kawaida, ile isiyo ya HD, inaweza kurushwa kwa megabiti 2 hivi kwa sekunde. Hiyo ni chini kidogo ya gigabaiti 1 kwa saa. Picha nzuri ya HD yaweza kufika megabiti 8 kwa sekunde, na hapo saa moja inakula gigabaiti 3.6. Chukua diski ya gigabaiti 500. Kwa picha ile ya chini utapata zaidi ya saa 500. Kwa HD utapata kama saa 138. Diski ni ileile. Kasha litaandika saa 500, na wewe uliyenunua tivii kubwa ili uone HD utashangaa imejaa upesi hivyo. Tena si diski yote ni yako. Baadhi ya ving'amuzi hujitengea sehemu kwa ajili ya filamu ambazo kampuni inakusukumia usiku ili uzinunue, na sehemu nyingine kwa ajili ya lile jambo la kusimamisha matangazo. Kwa hiyo ukiambiwa saa kadhaa, uliza: ni za HD au za kawaida? Na kati ya gigabaiti hizo, ngapi ni zangu?

Kwa familia ya kawaida inayorekodi mpira, tamthilia na vipindi vya watoto, gigabaiti 500 zinatosha sana. Ningependa mtu achukue mashine yenye diski ndogo inayoruhusu kutoa, kuliko yenye terabaiti 2 zilizofungwa. Hilo nalisema bila kusita.

Nilipita Kariakoo wiki hizi kuangalia madukani. Nikamwuliza kijana mmoja kaunta, "Habari za kazi, kaka. Hiki kinarekodi?"

"Salama, dada, karibu. Kinarekodi vizuri tu, si unaona kimeandikwa hapa."

Kweli kilikuwa kimeandikwa, kwenye kona ya kasha, maneno ya dhahabu: PVR Ready.

"Na ndani mna diski?"

"Hapana, dada. Diski unanunua mwenyewe, unachomeka hapa nyuma. Hata flashi inafaa."

Kijana alikuwa mkweli, nampongeza. Lakini angekuja mtu asiyeuliza swali la pili, angerudi nyumbani na kasha lisilo na pa kuandika hata dakika moja. Maneno yale maana yake ni kwamba king'amuzi kina uwezo wa kurekodi endapo utakipa diski. Kilicho na diski ndani hutaja gigabaiti zake. Usipoziona gigabaiti, hesabu kwamba hazimo.

Tena vile vya kuchomeka flashi msividharau. King'amuzi cha antena kinachopokea chaneli za bure, chenye tundu la USB, mara nyingi kitakupa faili ambalo unaweza kulihamishia kwenye kompyuta na kumpa jirani. Mara nyingi, nasema, kwa sababu vipo ambavyo navyo huandika kwa namna ambayo vyenyewe peke yao ndivyo vinavyoisoma. Flashi pia ina shida zake. Flashi ya bei ya chini haistahimili kuandikwa na kufutwa mfululizo kila siku, na nyingi zimepangwa kwa mfumo wa FAT32 usiokubali faili lipite gigabaiti 4. Hapo mbio za saa mbili zitakatwa vipande viwili au vitatu, na kwenye baadhi ya mashine sekunde chache hupotea kwenye kiungo. Fikiria sekunde hizo ziwe zile za mwisho kule Tokyo. Diski ndogo ya nje ya kampuni inayojulikana ni bora kuliko flashi.

Basi ukiwa dukani, usiishie kutazama tivii ikiwaka. Nenda na flashi yako. Mwombe muuzaji arekodi dakika tano za taarifa ya habari, kisha hamisha kilichorekodiwa kwenye flashi, na flashi uichomeke kwenye kompyuta ya dukani. Kama kinacheza, umepata jibu la swali langu la kwanza. Kisha mwambie aanze kurekodi chaneli moja, na wewe uhamie nyingine. Kama mashine inakukatalia, ina kipokezi kimoja tu, na nyumbani kwako itazua ugomvi kila Jumamosi. Kwa king'amuzi cha dishi chenye vipokezi viwili, muulize fundi kama kile kichwa cha dishi kilichopo paani kwako kina matundu mawili, kwani mara nyingi zinahitajika waya mbili kushuka hadi sebuleni.

Jaribio la tatu ndilo ninalolithamini zaidi, na muuzaji atakutazama kwa mshangao. Mwombe ruhusa, mashine ikiwa inarekodi, uchomoe waya wa umeme. Subiri kidogo, urudishe. Angalia mambo mawili: zile dakika zilizokwisha kurekodiwa zipo au zimepotea zote? Na ile ratiba uliyoipanga ya saa saba usiku, mashine bado inaikumbuka?

Naomba hili jaribio kwa sababu vinasa hivi vilibuniwa na watu ambao umeme wao haukatiki. Tuchukue usiku wa kawaida wa kwetu. Umepanga kurekodi saa saba usiku. Saa tatu umeme unakatika, saa tano unarudi. Zipo mashine zitakazoamka, zikatafuta saa sahihi kutoka kwenye matangazo, zikarudi kusubiri zamu yao. Na zipo zitakazoamka kwenye ukurasa wa kukaribisha, zikakaa hapo hadi asubuhi zikisubiri mtu abonyeze OK. Hizi za pili hazina faida kwa mtu anayetaka kulala.

Diski yenyewe inapenda umeme uliotulia. Ndani yake kuna sahani ngumu inayozunguka, kwenye mashine nyingi mara 5,400 kwa dakika, na juu yake kichwa cha kusomea kinaelea bila kugusa, kwa nafasi ndogo kuliko unavyoweza kuiona. Umeme ukikatika ghafla, diski za siku hizi hutumia ule mzunguko uliobaki kuzalisha umeme kidogo wa kukirudisha kichwa pembeni kisikwaruze sahani. Ni ufundi wa kustaajabisha, lakini kila dharura ya namna hiyo inaichosha diski. Na umeme unaporudi kwa kishindo, ndipo hatari kubwa zaidi inapoingia. Mtu aliyemudu kinasa cha diski amudu na kifaa cha kulinda umeme, kile kile tunachowekea friji, kinachochelewesha umeme dakika chache hadi utulie. Ukimudu UPS ndogo, bora zaidi.

Joto nalo ni adui. Kinasa chenye uwezo wa kusimamisha matangazo huwa kinaandika kwenye diski muda wote kinapowaka, hata kama hujabonyeza chochote, kwa hiyo hakipumziki kama deki ilivyopumzika. Guseni mfuniko wake baada ya saa tatu, mtasikia. Na sisi tuna desturi ya kupamba: king'amuzi kinawekwa kwenye kabati la vioo, kinafunikwa kitambaa kile kizuri cha kufuma, na juu ya kitambaa chombo cha maua. Vile vitundu vya juu na pembeni ndivyo mashine inavyopumulia. Mama zangu na dada zangu, kitambaa kitandikeni chini yake, juu kuwe wazi, na kila baada ya muda vumbi la vitundu lipigwe kwa brashi kavu.

Lipo na suala la kuzima ukutani. Tumefundishana vizuri kuzima swichi ya ukutani usiku ili kuokoa uniti za LUKU, au tokeni kwa ndugu zetu wa Kenya. Mashine iliyozimwa ukutani hairekodi, hilo liko wazi, lakini kila mwezi kuna nyumba inayolaumiana kwa sababu hiyo. Kinasa cha diski kinachotumia wati 20 kikiachwa saa 10 za usiku kinakula sehemu 2 katika 10 za uniti moja. Kikiwa na usingizi mzito wa kweli, kinakula kidogo mno kuliko hapo. Kwa hiyo zimeni tivii ukutani, zimeni na redio zetu hizi pia mkitaka, kinasa kiacheni. Bandikeni karatasi kwenye swichi yake.

Najua kijana mmoja anayenisikiliza anasema: ya nini yote haya, kila kitu kipo intaneti. Vingi vipo, kweli. Lakini mbio kamili za saa mbili na dakika kumi, kwa ubora ule wa gigabaiti 3.6 kwa saa, ni zaidi ya gigabaiti 7 za bando. Hata ukishusha ubora hadi nusu, bado ni bando la kuhesabia. Na kilichowekwa intaneti kinaondolewa siku anayemiliki haki akitaka. Matangazo ya antena yanaingia sebuleni kwako bila kukuhesabia megabaiti. Kuyarekodi ukayatazama na watoto kesho yake ni jambo dogo na halali, na linawapa wanafunzi na wanaofanya kazi za zamu nafasi ileile waliyo nayo wenye kukesha.

Kuna matumizi mengine ya vinasa hivi ambayo kwangu yana uzito kuliko mpira wote. Kwenye makabati yetu kuna kanda za VHS za harusi, za maulidi, za ubatizo, za mazishi, za mahafali. Pwani, kwa unyevu wetu, kanda hizo zinaota ukungu mweupe kwenye kingo za utepe. Ukiinua kile kifuniko kidogo cha mbele utauona. Na deki za kuzichezea zinaisha. Funai ya Japani, waliokuwa wa mwisho kuziunda, waliacha mwaka 2016. Kilichobaki ni mitumba na mafundi.

Anayetaka kuziokoa kanda hizo, king'amuzi hakimsaidii. Geuza mashine nyuma utazame zile jaki tatu za rangi, njano ya picha, nyeupe na nyekundu za sauti. Kwenye king'amuzi zimeandikwa OUT, maana yake picha hutoka tu. Unayoitafuta ni mashine yenye jaki zilizoandikwa IN. Zilikuwapo deki za DVD zenye diski ndani zilizokuwa nazo, miaka ile DVD ilipotamba, na bado utazikuta kwa wauza mitumba, Kariakoo na hata kule Luthuli Avenue, Nairobi. Ni nzuri kwa kazi hii: kanda inachezwa kwenye deki, inarekodiwa kwenye diski, unakata yasiyotakiwa, unatoa sahani za DVD za kugawia ndugu. Kabla ya kununua hakikisha inachoma sahani hadi mwisho, kwa kuwa taa ya kuchomea ndiyo huchoka kwanza. Ukikosa, kuna kiwaya cha bei nafuu chenye jaki zilezile upande mmoja na USB upande wa pili, kinaingia kwenye kompyuta.

Kanda yenye ukungu usiitie kwenye deki kabla fundi hajaisafisha. Itachafua vichwa, na deki itauhamishia ukungu kwenye kanda inayofuata. Anzeni na ya zamani kuliko zote. Haina njia ya mkato, kanda ya saa tatu itarekodiwa kwa saa tatu, basi ifanyeni siku ambayo bibi au babu yupo nyumbani. Mketishe karibu na tivii na daftari lako mkononi, umwombe awataje waliomo kwa majina: yule mwenye kanzu ya zari ni nani, na yule aliyembeba mtoto, na yule anayepita nyuma na sinia. Andika jina na dakika aliyoonekana. Ikishakamilika toa nakala mbili, moja iende ikakae nyumba nyingine.